Kiroba kwenye mfuko wa shati

(Mhadhara kwa viongozi wa mitaa, wahudumu wa afya ya jamii na madereva wa bodaboda, Morogoro)

Mheshimiwa diwani, watendaji wa mitaa, wahudumu wa afya ya jamii, na nyinyi vijana wa bodaboda mlioacha abiria mkaja kunisikiliza: wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu habari za asubuhi.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Wodini kazi yetu huanza mambo yakiwa yameshaharibika: kijana analetwa amefungwa kamba, mama analia, baba hataki hata kushuka kwenye gari. Leo naomba tuzungumzie siku zilizoitangulia ile ya kamba, maana hizo ziko mikononi mwenu kuliko mwangu.

Viroba mnavikumbuka. Kipakiti cha plastiki, pombe kali ya mikupuo michache, bei ambayo chenji ya abiria mmoja iliitosheleza. Kiliingia mfuko wa shati, kikaingia soksi, kikaingia begi la shule. Chupa kubwa ina aibu yake: lazima ukae mahali, watu wakuone, mwenzako akuulize, "Vipi, mapema yote hii?" Kiroba kiliiondoa aibu hiyo. Mtu alikunywa asubuhi akiwa amesimama, akawasha pikipiki, na mkewe asijue kitu hadi jioni. Vijana niliowahoji wodini kuhusu walikoanzia, wengi hawakunitajia baa. Walianzia dukani, pale pale penye sukari na vocha.

Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba. Na hapa naomba tutulie kidogo: marufuku ile haikutoka hospitalini. Ilitokana na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Watu wa mazingira walitazama mitaro iliyojaa vipakiti, wakatazama na watoto waliokuwa wakivinunua, wakachukua hatua. Kwa maoni yangu, walinisaidia kazi kuliko semina nyingi nilizowahi kuhudhuria. Sisemi ulevi uliisha. Wauzaji walihamia kwenye chupa ndogo za plastiki, na hilo bado ni deni letu. Lakini kitu kilichokuwa kwenye soksi ya mtoto kilisogea mbali kidogo, na katika kazi yangu hiyo "mbali kidogo" ina uzito mkubwa.

Wenzetu wa Sri Lanka walilijua hili kwa uchungu zaidi. Katikati ya miaka ya 1990 nchi yao ilikuwa miongoni mwa zile zenye vifo vingi zaidi vya kujiua duniani, na sumu za shambani ndizo zilizowaua wengi. Serikali ikaziondoa sokoni zile kali zaidi, kundi baada ya kundi. Kufikia 2015 kiwango cha kujiua kilikuwa kimeshuka kwa zaidi ya theluthi mbili, na mavuno hayakuporomoka. Watu hawakuacha kugombana, kudaiwa wala kufiwa. Saa ya giza iliwajia vilevile, ila wengi haikuwakuta na kitu cha kuwamaliza, ikapita.

Sasa nije mezani kwenu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe. Askari hawezi kukaa kila duka, lakini mwenyekiti wa mtaa anajua ni duka gani linalouza, na kwa nani. Grosari ikitaka kufunguliwa hatua chache kutoka geti la shule, nyinyi ndio wa kwanza kupata habari. Nanyi wa bodaboda, kijiwe chenu kina katiba na faini ya kuchelewa. Aliyekunywa asubuhi je, anapangiwa abiria?

Mheshimiwa diwani, kabla ya chai naomba kila mtendaji achore mtaa wake: shule, vijiwe, na kila duka linalouza pombe kali. Karatasi zipo hapa mbele, na kalamu za kutosha. Vijana wa bodaboda wakae na watendaji wao, maana wanavijua vichochoro vyote.