Sekunde Moja Inatosha: Proksi ya Akiba Mbele ya Seva

Tuanze na hesabu, ndugu zangu. Tuseme ukurasa wa mbele wa tovuti ya habari unaombwa mara 500 kwa sekunde. Kila ombi linaiamsha PHP, programu inayounda kurasa za tovuti; PHP inaiuliza hifadhidata maswali yale yale, inaunda ukurasa ule ule. Sasa weka nginx, programu ya seva ya wavuti, mbele yake kama proksi, yaani mpokeaji wa maombi kwa niaba ya PHP, uiambie itunze jibu kwenye akiba (cache) kwa sekunde moja tu. PHP inaunda ukurasa mara moja, wengine 499 wanapewa nakala. Mhariri akibadili kichwa cha habari, msomaji anachelewa kukiona sekunde moja. Nani atalalamika?

Shida ya namna hii ndiyo iliyolifanya gazeti la Verdens Gang la Norwei lianzishe mradi wa Varnish, proksi ya akiba iliyotoka mwaka 2006. Apache, seva nyingine ya wavuti, nayo ina mod_cache kwa kazi hiyo hiyo. Leo nabaki na nginx kwa kuwa wengi wenu mnayo tayari.

Katika mipangilio ya nginx, folda ya akiba inatajwa na proxy_cache_path, muda na proxy_cache_valid, hayo mtajisomea. Tukae kidogo pale nakala inapoisha muda. Maombi mia yakifika papo hapo, yote yatakimbilia PHP kwa mkupuo, na seva inalala. Dawa ni “proxy_cache_use_stale updating”: ombi moja linakwenda kuleta ukurasa mpya, mengine yanapewa ule wa zamani. Na kama nakala haijawahi kuwepo, proxy_cache_lock inaruhusu ombi moja lipite, mengine yasubiri.

Nginx haihifadhi jibu lenye Set-Cookie, yaani linalompa mgeni kuki, alama ambayo tovuti humtambua nayo. Watu wanakereka kuona MISS (nakala haikupatikana kwenye akiba) kila mara, wanaandika proxy_ignore_headers kuilazimisha. Hapo ndipo ninapoogopa. Tarehe 25 Desemba 2015, duka la michezo la Steam lilikuwa likishambuliwa, mipangilio ya akiba ikabadilishwa katikati ya purukushani, na wateja wakaanza kuona kurasa za akaunti za wenzao: anwani, barua pepe, historia ya manunuzi. Wenye duka, Valve, walisema walioguswa ni kama 34,000.

Kwa hiyo mwenye kuki ya kuingia apitishwe moja kwa moja, kwa proxy_cache_bypass na proxy_no_cache kwa pamoja. Ya kwanza peke yake inazuia kusoma akiba, haizuii kuandika. Kisha fungua vivinjari viwili, ingia kwa majina mawili tofauti, bofya “Akaunti yangu” kote kuwili, usome jina lililo juu.

Haya, maswali.