Seli za Gizani: Mhadhara kwa Wavuvi wa Lamu

Asalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, nanyi vijana mliokaa huko nyuma penye upepo.

Nitaanza na giza, kwa kuwa wengi wenu huvua usiku, na machoni mwenu mna seli zilizoumbwa kwa ajili ya usiku.

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Humo mna seli koni, kama milioni 6, zinazotambua rangi na vitu vidogo vidogo, ila zinataka mwanga wa kutosha. Wenzao ni seli fito, kama milioni 120. Hizi hazijui rangi, lakini wanasayansi Hecht, Shlaer na Pirenne walionyesha mwaka 1942 kwamba seli fito huweza kuamshwa na chembe moja tu ya mwanga. Moja!

Katikati kabisa ya retina hamna fito, ni koni tupu. Ndiyo maana ukikikodolea macho Kilimia, nyota zake hafifu hupotea. Tazama kando kidogo, zitatokea. Jaribuni leo usiku.

Ndani ya fito mna rodopsini, dutu inayonasa mwanga, ambayo mwili huiunda kwa vitamini A. Mwanga ukiipiga, kipande chake kilichopinda hunyooka, na hapo seli hupata habari. Na hili hunishangaza kila nikilifundisha: fito hutoa kemikali yake ya kupeleka habari mfululizo gizani, mwanga ndio huipunguza. Ubongo unaona kwa kusoma upungufu huo.

Mwanga mkali ukishaivunja rodopsini, kurudi kwake huchukua nusu saa au zaidi. Basi kijana, usimwashie nahodha tochi ya simu usoni dau likikaribia mwamba. Umemwondolea macho yake, na bahari haimngojei. Kama lazima mwanga, uwe mwekundu na hafifu, maana fito haziuhisi sana.

Mama zangu, mtoto anayejikwaa magharibi ilhali wenzake wanaona, msimwite mzembe. Huenda amepungukiwa na vitamini A. Mpelekeni zahanati mapema, kwani hali ikizidi huharibu konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, na akapofuka kabisa. Mpeni maini, mayai, mchicha, papai na embe bivu. Na matone ya vitamini A msiyakose: hutolewa kila miezi 6, tangu mtoto ana miezi 6 hadi afikie miaka 5.