Kabla Hujauliza Mshahara, Uliza Makato: Mhadhara kwa Wanaotaka Kusoma Anthropolojia

Assalaamu alaykum. Wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi wanangu mliomaliza kidato cha sita. Muda tuliopewa ni mdogo na ratiba imeshachelewa, kwa hivyo naingia moja kwa moja.

Msimu wa kuomba vyuo ukifika, wazazi wa Chake na Wete, hapa Pemba, huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, mtoto anataka anthropolojia, hiyo elimu ya watu na maisha yao, akimaliza analipwa kiasi gani?" Nami hujibu kwamba swali hilo ni nusu. Kiasi gani, ndiyo, lakini kuanzia lini? Na katika hicho kiasi, kinakatwa nini kabla hakijafika mkononi? Anayeuliza la mwanzo akaliacha la pili na la tatu anatia saini deni asilolijua.

Wapo mliokwisha kuangalia kwenye simu mkaona kuwa Marekani mwanaanthropolojia wa kati, yaani nusu ya wenziwe wanapata zaidi na nusu pungufu, alipata takriban dola 64,000 kwa mwaka, kwa takwimu za 2023. Ni kweli, serikali yao ndiyo inayotoa takwimu hizo. Lakini someni na mistari ya chini: kazi hizo kwa kawaida zinataka shahada ya pili, na katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 330 nafasi zenyewe hazifiki 10,000. Wengi waliomaliza shahada ya kwanza ya fani hii kule wanafanya kazi zenye majina mengine kabisa. Sasa wewe wa Konde unauchukua mshahara wa mtu huyo, unaugeuza shilingi, unamwonesha baba yako. Hapana, mwanangu. Usimfanyie hivyo mzazi.

Tufanye hesabu ya kwetu. Kuna bodi mbili za mikopo ya elimu ya juu: ya Muungano, iliyoanza kazi 2005, na ya Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Nachukua mfano wa ile ya Muungano. Aliyekopa kwa bodi ya Zanzibar aufungue mkataba wake na aupige hesabu kwa mtindo huu huu.

Katika mkopo huo, fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Tuseme mwaka wa masomo una siku 240. Hiyo ni 2,400,000, na kwa miaka mitatu 7,200,000. Ada tuiweke milioni moja kwa mwaka, basi 3,000,000. Jumla 10,200,000. Wazee mliokaa nyuma, nataka mulione hili: sehemu saba katika kumi za deni hili si mwalimu wala kitabu. Ni wali, maharage na kitanda. Ndiyo maana kila mwaka nasema, na leo nasema tena, mtoto mwenye shangazi Ng'ambo, pale Unguja mjini, asijaze fomu kana kwamba hana pa kulala mjini. Mwenye mjomba Temeke, Dar es Salaam, hivyo hivyo. Mtaniambia vijana wa leo hawataki kukaa kwa jamaa, wanataka chumba chao. Chumba hicho wanakilipa wakiwa na miaka thelathini na watoto wawili.

Sasa malipo. Kwa aliyeajiriwa, sheria inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ukipata 700,000, zinakwenda 105,000 kila mwezi, na deni letu linakwisha mwezi wa 98: miaka minane na kitu. Ukipata 500,000, makato ni 75,000 na miezi ni 136: zaidi ya miaka kumi na moja. Sijagusa kodi, sijagusa mchango wa ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, sijagusa simu ya mama inayosema paa linavuja.

Na msiniletee ushauri wa Uingereza. Kule waliojiunga na chuo tangu Agosti 2023 hukatwa asilimia 9 ya kile kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka. Chini ya hapo hukatwi kitu, na deni likifika miaka 40 linalobaki linafutwa. Ndugu yako aliyeko London anapokwambia "kopa tu, usijali", anazungumzia mkopo mwengine. Wa kwetu unakatwa kwenye mshahara wa msingi wote, tangu shilingi ya mwanzo.

Najua kuna mzee hapa anawaza riba. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowafanya wengi wetu tuwazuie watoto wasikope, iliondolewa 2021. Lakini deni lenyewe lipo, na nyote mnajua kwamba maiti hairithiwi mpaka madeni yake yalipwe.

Basi mwalimu anatukataza? La. Sikilizeni kisa hiki, na ambao mmeshakisikia mnivumilie, maana sijapata chenye nguvu kukipita.

Maambukizi ya malaria visiwani kwetu yameshuka hadi chini ya asilimia moja, na kazi iliyobaki ni ngumu kuliko iliyofanyika. Mradi mmoja ulikuja kuuliza watu kuhusu vyandarua. Wakaajiri vijana kwa malipo ya siku, mmoja wao binti wa Micheweni aliyetoka kumaliza anthropolojia. Dodoso lilikuwa na swali: jana usiku ulilala ndani ya chandarua? Nyumba baada ya nyumba, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Vijana wenziwe wakatia alama na kuondoka. Yeye akitia alama, kisha anakaa. Anauliza: baada ya sala ya Isha ulikuwa wapi? Ukatoka hapo ukaenda wapi? Ulirudi saa ngapi? Ikadhihirika kuwa bwana mmoja aliyesema ndiyo, wiki nyingi za mwaka yuko dago, kwenye kambi ya wavuvi, analala mchangani karibu na chombo, na chandarua kimebaki nyumbani kwa watoto. Bibi aliyesema ndiyo alikuwa kwenye harusi ya mtoto wa dada yake, uani, anapika mpaka saa nane za usiku, ndipo akaingia ndani ya chandarua. Wote wawili hawakusema uongo. Swali ndilo lililokuwa halifai. Binti akayaandika hayo kwa kurasa chache, kwa lugha safi, akampa mkuu wa timu. Akaondolewa kwenye malipo ya siku, akapewa mkataba.

Mtasema ni bahati. Bahati gani! Visiwa hivi vinachunguzwa tangu kabla ya Mapinduzi. Mwanaanthropolojia John Middleton alikuja 1958 kuchunguza umiliki wa ardhi. Mwani ulipoanza kulimwa kibiashara pwani ya mashariki ya Unguja 1989, watafiti wakafuata kuuliza kina mama wanazitumiaje fedha zao. Mji Mkongwe ukaingia Urithi wa Dunia 2000, wakazidi. Kazi ipo. Ila mara nyingi mtoto wetu analipwa posho ya ukalimani, na mkataba anao yule anayeandika ripoti. Tangazo la "anatakiwa mwanaanthropolojia" hamtaliona Pemba. Mtaona "afisa ufuatiliaji", "afisa jamii", "mtafiti msaidizi". Ombeni hizo.

Na hapa ndipo lile swali la lini linapouma. Binti yule alikaa muda mrefu kwenye malipo ya siku kabla ya mkataba. Bodi inakupa miezi 24 baada ya kuhitimu. Ukipata ajira kabla ya hapo, makato yanakuja na mshahara. Basi miezi hiyo si ya kukaa barazani kusubiri ajira ya serikali. Ni ya kukubali kazi za siku, kuandika, na kupunguza deni kidogo kidogo kila fedha inapoingia. Mzazi mwenye mikarafuu, msimu mzuri ukija na ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, wakakulipa, toa fungu la deni kabla ya kununua bati.

Naona naoneshwa saa. Nilitaka kusema juu ya takwimu: jifunzeni, kwa sababu anayejua kuhoji na kuhesabu haachwi. Na shahada ya pili, tafuteni ya ufadhili. Msikope mara mbili kwa fani hii.

Maswali tutayachukua baada ya sala. Mwenye fomu ya mkopo ambayo hajaitia saini aje nayo hapa mbele, na mzazi wake, tuipitie pamoja.