Miwani ya Karibu Si ya Wasomi Peke Yao

Wahudumu wenzangu wa afya, leo tena naanza na wachuma chai, na nitaendelea kuanza nao mpaka tuelewane kwamba miwani ya kuonea karibu si ya wasomi peke yao. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa mashamba ya chai ya Assam, India. Walichukuliwa wachumaji 751 wenye miaka 40 na zaidi, wote wakiwa hawaoni vizuri karibu. Nusu wakapewa miwani mwanzoni, nusu wakaipata utafiti ulipokwisha. Kazi yenyewe mnaijua: majani mawili na kichipukizi, siku nzima, vidole vikifuata jicho. Uzito wa majani kwa siku uliongezeka kwa wote, lakini ongezeko la waliovaa miwani liliwazidi wenzao kwa takriban asilimia 22. Shamba lilelile, jua lilelile, mikono ileile! Sasa niambieni, kuna anayechuma chai huku anasoma kitabu?

Maana kila ninapokwenda nasikia, "Mama yangu hakusoma, miwani ya nini?" Jamani! Mchele anauchambua nani? Uzi anautunga nani kwenye sindano? Mjukuu anakatwa kucha na nani? Hata hapa kwetu Tanzania, wilayani Kongwa, Dodoma, watafiti walikuta zaidi ya nusu ya watu wa miaka 40 na kuendelea wana shida hii ya kutoona vizuri karibu. Kongwa ya wakulima, si ya makarani.

Mwingine atasema miwani inalegeza macho, ukiizoea huiachi. Hapana. Lenzi iliyo ndani ya jicho inakakamaa kwa umri. Msuli wa jicho unakaza, lenzi haivimbi tena kama ya kijana. Itakakamaa umevaa, itakakamaa hujavaa. Ndiyo maana wa miaka 40 na kitu huanza na miwani ya nguvu namba 1, na akikaribia 60 anahitaji kama 2 na nusu. Karoti hailainishi lenzi, tafadhali msiwaambie watu hivyo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Ila hili lazima niliseme: mwenye kisukari, mwenye maumivu ya jicho, au asiyeona vizuri hata mbali, asiishie kwenye miwani ya sokoni. Mpelekeni kliniki ya macho akapimwe.

Kadi za kupimia macho ya karibu ziko mezani pale. Sentimita 40 kutoka usoni, jicho moja moja, na mpimieni mtu penye mwanga. Anzeni na mafundi cherehani wa mtaani kwenu.