Taa wa Madoa ya Buluu: Samaki Asiyekiona Anachokila

Ndugu wasikilizaji, ahsanteni kwa kufika. Leo tutakaa na samaki mmoja tu, taa wa madoa ya buluu, ambaye wataalamu humwita Taeniura lymma. Aliyemwandika kwanza kisayansi ni Peter Forsskål, kutokana na safari yake ya Bahari ya Shamu. Alifia Yemen mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775, yeye akiwa kaburini.

Watu wengi huvutiwa na rangi ya taa huyu wakaishia hapo. Mimi naomba tuanze na ubapa wake, maana mengi katika maisha yake yanatokana na huo.

Mtazameni amelala mchangani. Mwili ni wa mviringo, upana wake hufika sentimita 35 hivi, na nyuma kuna mkia wenye mstari wa buluu kila upande. Macho ya manjano yamechomoza juu. Kinywa je? Kiko chini, kimeelekea mchanga. Maana yake ni kwamba mlo unapoingia kinywani, macho hayauoni kabisa.

Sasa anakula vipi? Kuzunguka kinywa chake kuna vitundu vidogo sana vilivyojaa ute mzito. Mwitaliano Stefano Lorenzini alivieleza mwaka 1678, ingawa kazi ya vitundu hivyo ilikuja kujulikana baadaye sana. Kila kiumbe hai majini hutoa umeme hafifu, hata kaa aliyejifukia akatulia tuli, na vitundu hivyo huunasa. Taa humfunika windo kwa mwili mzima, akagandamiza kingo zake chini pasiwe na pa kutokea, kisha akamsogeza polepole hadi kinywani. Kaa, kamba, minyoo, chaza na samaki wadogo, wote huliwa hivyo, gizani, chini ya tumbo jeupe.

Tena angalieni nyuma ya kila jicho. Pana tundu linalofunguka na kufumba, kufunguka na kufumba. Hapo ndipo anapovutia maji ya kupumua, yakatokea chini kwa matamvua. Angevuta kwa kinywa, angekuwa anameza mchanga kutwa.

Makazi yake ni miamba ya matumbawe ya Bahari ya Hindi na magharibi mwa Pasifiki, kwa kawaida kina kisichozidi mita 20. Jamaa zake wengi hujifukia mchangani. Yeye ni nadra kufanya hivyo. Mchana hujibanza chini ya jabali au ndani ya pango la matumbawe, na mara nyingi mzamiaji huona mkia tu. Saa zake hasa ni za maji. Yanapojaa, hupanda nayo hadi kwenye mchanga wa kina kifupi kutafuta chakula, pengine wakiwa kundi. Yanapopwa, hurudi mwambani. Kwa hiyo mwamba peke yake haumtoshi, na mchanga peke yake haumtoshi. Kuharibu kimoja ni kumvunjia nyumba au kumnyima chakula.

Na ile buluu? Hili ndilo linalonishangaza kuliko yote. Ngozini hamna rangi ya buluu ya kupakwa. Utafiti wa mwaka 2024 ulionyesha kuwa kuna viputo vidogo mno vyenye fuwele, vinavyorudisha mwanga wa buluu, na nyuma yake kuna weusi unaomeza mwanga uliobaki. Ndiyo maana doa halibadiliki hata ukilitazama kwa pembeni.

Mwiba nao upo, mmoja au miwili, umekaa mbali kuelekea ncha ya mkia, nao una sumu. Lakini taa huyu si mkorofi. Akiguswa na hatari, kwanza hukimbia. Anayetembea maji mafupi aburute miguu badala ya kuinyanyua, taa atamsikia na kuondoka. Aliyechomwa aende hospitali. Maji ya moto yanayovumilika bila kuunguza hutuliza maumivu.

Mama hatagi. Watoto hukua tumboni, mwanzo kwa kiini cha yai, baadaye kwa ute wenye lishe unaotoka kwenye kuta za mfuko wa uzazi. Huzaa hadi saba. Kila mmoja hutoka na upana wa sentimita 13 hivi, na madoa yake ya buluu tayari mgongoni, na tangu siku hiyo hujitafutia chakula mwenyewe.