Mzee Aliyeandikwa "Mkulima": Afya ya Askari Wetu Waliozeeka

Mhadhara kwa wauguzi, matabibu na familia za askari wastaafu, Mtwara, katika wiki ya Siku ya Mashujaa

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, wauguzi na matabibu wenzangu, habari za asubuhi.

Naanza na faili la hospitali. Mzee wa miaka sabini anafika dirisha la wazee, anaulizwa jina, umri, kijiji, kazi. Anajibu "mkulima", na hasemi uongo. Ana mikorosho yake Nanyamba au Nachingwea, ameilea miaka na miaka. Tunaandika "mkulima", na tangu hapo tunamtibu mkulima. Hakuna aliyemuuliza kabla ya jembe alishika nini. Nimekuja kuwaambia kwamba swali hilo ni sehemu ya matibabu, sawa na kupima presha.

Na huku kwetu lina uzito wake. Nachingwea ndiko FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikofundisha wapiganaji wao. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwaka 1978, vijana wa kusini nao walipelekwa hadi ncha ya pili ya nchi, wengine askari wa JWTZ, wengine wanamgambo waliotolewa shambani. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Kati ya 1986 na 1988 wengine wakavuka Ruvuma kwenda kupigana Msumbiji, na wapo wenzao waliozikwa hapa hapa Naliendele. Aliyekuwa na miaka 20 Kampala ilipoanguka, leo amepita 65. Umri huo ndio majeraha ya ujanani yanapoanza kudai.

Nitakaa kidogo kwenye masikio, maana yanadharauliwa. Gari moja la BM-21, mtambo ambao Waganda waliupa jina la Saba Saba, linarusha makombora 40 kwa sekunde kama 20. Waliokuwa karibu nalo, au karibu na mizinga, hawakuwa na cha kuziba masikio. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo vinavyopokea sauti. Mlipuko ukiziua hazioti tena. Na zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba.

Sasa angalia linalotokea nyumbani. Mzee anakaa barazani na wazee wenzake wanacheza bao, wanaongea, anacheka, anajibu. Akiingia ndani, mkewe anamsemesha mara tatu, kimya. Mjukuu anamuita, kimya. Nyumba nzima inaamua kwamba babu ana kiburi, anasikia anachotaka. Hapana, jamani. Sauti nzito za wanaume bado zinamfikia. Sauti ya mkewe na ya mtoto ziko pale pale palipoharibika. Atakwambia, "Nasikia, ila sielewi," maana herufi kama s, f na t zinampotea, maneno yanamfikia yamekatika. Kupiga kelele hakusaidii, kunamkera tu. Kaa mbele yake penye mwanga aone midomo yako, sema polepole, shusha sauti iwe nzito. Na umlete apimwe, kwa sababu mzee asiyesikia anajitenga, na usikivu uliopotea bila kusaidiwa unaongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau uzeeni.

Kuna chuma mwilini pia. Wapo wazee wanaotembea na vipande vya mabomu au risasi ambavyo daktari wa vita aliona ni heri viachwe kuliko kumpasua. Mara nyingi uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini risasi iliyokwama ndani ya kiungo, mathalani gotini au nyongani, huyeyuka taratibu kwenye maji ya kiungo, na sumu ya madini yake ikaingia kwenye damu, pengine miaka mingi baadaye. Mzee anaumwa tumbo, hapati choo, damu imepungua, mikono ina ganzi, presha haishuki, amechanganyikiwa. Tutampa dawa za minyoo, za malaria, za vidonda vya tumbo. Picha moja ya eksirei ingetuonyesha njia. Na kabla hujamwandikia kipimo cha MRI, kinachopiga picha ya mwili kwa sumaku kali, ni lazima ujue kama ana chuma, kwa sababu sumaku ile inaweza kukisogeza kipande kilichotulia miaka arobaini karibu na mshipa au jicho.

Magoti na migongo iliyobeba mizigo mnaijua. Presha na kisukari mnavipima kila siku. Kifua nakitaja kwa haraka: mzee aliyeanza sigara jeshini, akaja kupulizia salfa mikorosho kila msimu bila kufunika pua, akikohoa wiki mbili apimwe kifua kikuu, lakini akikutwa hana, msimwache hivi hivi.

Kubwa lililobaki ni usingizi. Pwani yetu, tangu Kilwa hadi Msimbati, imesumbuliwa miaka mingi na wavuvi wa baruti. Kwa kijana mlio ule ni samaki wanauawa. Mzee wangu mmoja akiusikia huwa tayari yuko chini ya kitanda kabla hajajua ameamka. Jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, na akirudiwa na fahamu anaona haya mbele ya mkewe. Majirani wanasema ana majini. Ugonjwa huu unatokana na kiwewe cha vita, na madaktari wa Marekani waliuingiza kwenye kitabu chao cha uchunguzi mwaka 1980, mwaka mmoja baada ya Kampala kuanguka. Vijana wetu walirudi nao wakati hata shule za udaktari zilikuwa bado hazijaufundisha. Nani angewauliza?

Ugonjwa huu unaweza kujificha miaka mingi. Mtu ana kazi, ana watoto wa kusomesha, hana nafasi ya kukumbuka. Akistaafu, akifiwa na mke, au akianza kusahau mambo ya jana, ya zamani yanapanda juu. Hapo wengine hukimbilia uraka, pombe ya mabibo, msimu wake ukifika, na ukiisha wanahamia gongo. Tusiwatukane. Wanatafuta usingizi. Na sisi matabibu tusiwape diazepam, dawa ya kutuliza na kulaza, tukadhani tumemaliza. Inampa usiku mtulivu, kisha anaizoea, na akiamka kwenda haja anaanguka na kuvunjika nyonga. Yapo mazungumzo ya tiba na zipo dawa za kutumia kwa muda mrefu. Vinasaidia hata mtu akiwa na miaka 75. Mpeni rufaa kwa wanaotibu afya ya akili.

Namna ya kuuliza ina adabu zake. Funga mlango. Usimuulize aliua wangapi, na usimlazimishe kusimulia. Sema, "Mzee, uliwahi kutumika jeshini au mgambo? Ulikuwa wapi? Uliwahi kuumia au kuwa karibu na mlipuko? Usingizi wako ukoje?" Kisha andika majibu juu ya faili, yaonekane, asije akaulizwa upya na kila daktari anayebadilishana zamu. Na tusiwaulize wazee peke yao. Vijana waliotumika Darfur, Kongo na Cabo Delgado tuwaandike sasa, tuwapime masikio sasa, wangali na miaka 30.

Pale nyuma kuna meza mbili, moja ya presha na sukari, nyingine ya masikio. Wazee waende na wake zao, wasikie majibu pamoja. Wakati foleni inasogea napokea maswali, na naomba kina mama waanze, kwa sababu yanayotokea usiku wanayajua wao kuliko mimi.