Kazi Inayobaki Baada ya Nguvu Kupatikana: Mhadhara Kuhusu Gari la Kilomita 400 kwa Saa

Walimu wangu, nanyi vijana wa uhandisi mitambo, asanteni kwa kunikaribisha.

Magari ya kifahari ya mwendo kasi yakitajwa, mazungumzo huanzia kwenye nguvu za farasi na mara nyingi huishia hapo hapo. Mimi nataka tuangalie kazi inayobaki baada ya nguvu kupatikana, maana huko ndiko wahandisi walikotoka jasho. Nitatumia gari moja tu, Bugatti Veyron, lililoanza kuundwa kwa ajili ya wateja huko Molsheim, Ufaransa, mwaka 2005.

Ferdinand Piëch, aliyekuwa akiiongoza Volkswagen, kampuni iliyokuwa ikimiliki Bugatti wakati huo, alitoa masharti yake: nguvu ya farasi zaidi ya 1,000, spidi ipite kilomita 400 kwa saa, na jioni hiyo hiyo mwenye gari aweze kulipanda kwenda kwenye opera na mkewe. Mimi naamini sharti la mwisho ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Gari la mashindano lina kundi la mafundi wanaolisubiri pembeni. Hili lilitakiwa liwake asubuhi ya baridi, likae kwenye foleni, kiyoyozi kikipuliza, na lisichemshe.

Na kwa nini farasi wote hao? Sababu ni hewa. Ukizidisha spidi mara mbili, ukinzani wa hewa unaongezeka mara nne, na kwa kuwa unapambana nao kwa mwendo maradufu, injini inadaiwa nguvu mara nane. Kwa hiyo aliyefika kilomita 200 kwa saa hajafika nusu ya safari ya kwenda 400. Yuko kwenye sehemu moja ya nane.

Injini iliyopatikana ni ya lita 8, silinda 16, tabo nne (pampu zinazobana hewa iingie kwa wingi kwenye silinda), nguvu ya farasi 1,001. Silinda zimepangwa kwa umbo la W, vifungu viwili vya nane nane vikizungusha krenki shafti moja, yaani mhimili mkuu wa injini, ndiyo maana ikaenea nyuma ya viti viwili. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Injini ya petroli haiwezi kugeuza nishati yote ya mafuta kuwa mwendo. Kwa kila farasi mmoja anayefika kwenye magurudumu, zaidi ya wawili wanapotea kama joto, wengine kwenye ekzosi, wengine kwenye maji na oili. Fikirieni joto la farasi zaidi ya elfu mbili limefungiwa nyuma ya kichwa cha dereva!

Veyron ina rejeta kumi. Kuna za maji ya injini, kuna za kupoza hewa iliyobanwa na tabo kabla haijaingia kwenye silinda, na kuna za oili ya injini, oili ya giaboksi, oili ya difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), na ya kiyoyozi. Halafu tazameni mgongo wa gari lenyewe: injini haina boneti juu yake. Imeachwa wazi ili joto lipande litoke. Watu huiona kama pambo, nami nakiri inapendeza, lakini ni uamuzi wa kihandisi. Na kila tundu linaloingiza hewa ya kupoza linaongeza ule ukinzani tuliotoka kuusema. Ukipoza zaidi unapunguza spidi. Ukiziba matundu upate spidi, unaunguza injini. Miaka ya kuchelewa kwa gari hili iliishia kwenye mvutano kama huo.

Kusimama nako ni suala la joto. Gari na dereva wake wana uzito wa takribani tani mbili. Kwa kilomita 400 kwa saa, nishati iliyomo kwenye mwendo ule inatosha kuchemsha ndoo mbili za maji za lita ishirini ishirini, na breki zinatakiwa kuimeza yote kwa muda usiofika sekunde kumi. Diski za chuma cha kawaida zisingehimili, kwa hiyo zikawekwa za kaboni na seramiki. Bawa la nyuma nalo husimama kwa chini ya nusu sekunde, likaikinga hewa kama breki ya ziada.

Kulifikisha gari mwisho wa spidi yake kunahitaji ufunguo wa pili, unaochomekwa kando ya kiti cha dereva gari likiwa limesimama. Kompyuta inakagua mifumo. Ikiridhika, bodi inashuka hadi kama milimita 65 kutoka ardhini, matundu ya hewa ya mbele yanafungwa, na bawa linalala. Bawa likilala, hewa haikinzi sana, ila pia haigandamizi tena gari barabarani kama mwanzo. Kwa hiyo dereva akigusa breki, au akikata usukani kupita kiasi, mpangilio wote unafutwa papo hapo. Mimi sehemu hii naipenda kuliko injini.

Tumalizie na matairi, yaliyotengenezwa na Michelin mahususi kwa gari hili. Kwa kilomita 407 kwa saa gurudumu la nyuma linazunguka zaidi ya mara 50 kwa sekunde. Pigeni hesabu wenyewe: kipenyo chake ni milimita 710. Mtakuta kila gramu moja ya mpira ulioko ukingoni inavutwa nje kwa nguvu sawa na uzito wa zaidi ya kilo tatu na nusu. Mwaka 2010 toleo la Super Sport lilifika kilomita 431 kwa saa kwenye uwanja wa majaribio wa Ehra-Lessien, Ujerumani. Yale waliyouziwa wateja yakafungwa yasipite 415. Injini ilikuwa na nguvu ya kuendelea. Kilicholindwa ni mpira.

Napokea maswali, na mwenye hesabu tofauti ya lile tairi aje nayo hapa ubaoni.